Kumbadili Daktari wa Ng'ombe Pasipo Kuvunja Ujirani

Mfugaji ambaye ng'ombe wake wametibiwa na daktari mmoja kwa muda wa miaka 10 au 15 huona haya kumwambia daktari huyo kwamba sasa amekusudia kumwita mwingine. Haya hiyo ni ya kiungwana, na mwenye kuikosa kabisa si jirani mwema. Walakini katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako daktari wa mifugo aghalabu ni mtu wa ukoo, au mzee wa kanisa, au mkwe wa ndugu, haya hiyo huweza kumuua ng'ombe ambaye angepona. Maana mfugaji asiyethubutu kusema neno lake humwita daktari wa pili kwa siri gizani, ama hukawia kumwita yeyote hata mnyama ameanguka.

Zamani shida hii haikuwako. Ng'ombe wa Abagusii walilindwa na vijana katika ebisarate mpaka serikali ya Kiingereza ilipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20, na dawa zao zilikuwa zile zilizojulikana kwa wazee wote. Mwaka 1946 kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano kilianzishwa Kabete, na baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, ambao uliwafungulia Waafrika njia ya mazao ya biashara na ng'ombe wa gredi, wafugaji wa Kisii walianza kufuga wanyama wenye damu ya Ulaya, ambao hutoa maziwa mengi lakini huugua upesi. Katika miaka ile na mingi iliyofuata daktari alikuwa mtu wa serikali. Alikuja kwa pikipiki ama kwa gari la Idara, na mfugaji hakumchagua, kama vile asivyochagua mvua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza kazi hiyo, na madaktari wengi wakafungua kazi zao wenyewe katika masoko. Kwa Katiba ya mwaka 2010 utabibu wa mifugo ni kazi ya kaunti, ila usimamizi wa taaluma yenyewe umebaki mikononi mwa serikali ya taifa. Basi leo mfugaji wa Keroka, mji ambao umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, aweza kuwa na madaktari wa kaunti mbili na wa binafsi kadha wa kadha. Uchaguzi umekuja, lakini adabu ya kuchagua haikuja pamoja nao.

Yafaa ieleweke pia kwamba mashamba yamekuwa madogo. Ukiondoa Borabu, ambako watu walipewa mashamba makubwa kidogo katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960, nyumba nyingi zina ekari moja au mbili tu, nazo zimegawanywa kati ya majani chai, migomba, mahindi na majani ya kulishia. Katika banda mna ng'ombe mmoja, pengine wawili. Maziwa ya asubuhi huuzwa, ya jioni hunywewa na watoto, samadi huenda kwenye migomba, na ndama wa kike akikua ndiye karo ya shule ya sekondari. Mwenye ng'ombe 100 akipoteza mmoja ataumia. Mwenye mmoja akimpoteza amefilisika.

Na achukuliwe mfano wa mkulima mwenye ekari mbili karibu na Keroka. Daktari wake ni mzee wa ukoo uo huo, mtu mwema, ambaye alimzalisha mama wa ng'ombe huyu na mara nyingi alikubali kulipwa baadaye. Lakini sasa daktari huyo amehamia ng'ambo ya pili ya kilima, ana mashamba mengi ya kuzungukia, na ng'ombe amepandishwa mara tatu bila ya kushika mimba. Mke wa mkulima amesikia habari za daktari kijana aliyefungua duka la dawa sokoni. Wamelizungumza jambo hilo jikoni mara nyingi, wala hawajamwambia mwenyewe.

Siku ya Alhamisi ng'ombe anakataa majani, masikio yamelala, na chini ya sikio mna tezi lililovimba kama yai. Daktari mzee anapigiwa simu naye anafika saa nane mchana. Anampima joto, anapapasa tezi, anashuku ndigana kali. Anampiga sindano ya kutuliza homa na ya kuzuia vijidudu vingine, kisha anasema kwamba dawa yenyewe ya ndigana imemwishia, na kwamba ataileta kesho asubuhi. Jioni mkulima haoni nafuu, na moyo unamwambia kwamba mzee amechoka. Mwana anatumwa sokoni. Daktari kijana anafika saa mbili usiku na tochi, anauliza, "Mzee, ng'ombe huyu amekwisha kutibiwa leo?" Mkulima anatazama chini na kujibu, "La, bado."

Uongo huo mdogo ndio wenye kudhuru. Sindano ya kutuliza homa imekwisha kufanya kazi yake. Kipimajoto kinaonyesha joto la afya, kwa kuwa ng'ombe mzima huwa kati ya digrii 38 na 39 na nusu hivi. Daktari kijana, akiona kwamba hakuna homa, anahesabu kuwa ni ugonjwa wa tumbo, anampa dawa ya tumbo, naye hapapasi shingo kwa kuwa hana sababu ya kupapasa. Asubuhi daktari mzee anarudi na dawa ya ndigana. Mkulima, akiogopa kwamba kijana naye yuko njiani kuja kumtazama mgonjwa, anamwambia langoni kwamba ng'ombe amepata nafuu na kwamba hana haja ya kumsumbua. Mzee anashukuru Mungu na kwenda zake. Jumamosi ng'ombe anahema kwa taabu na povu linamtoka puani. Jumapili amekufa, na madaktari wawili wanakutana juu ya mzoga, kila mmoja akimwuliza mwenzake alimpa nini.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, na kijidudu chake kiitwacho Theileria parva hukaa katika chembe nyeupe za damu na katika tezi. Kwa ng'ombe wa gredi asiyekingwa, ugonjwa huu huua upesi. Dawa yake, buparvakwoni, hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Mapafu yakiisha kujaa maji, hata daktari bora wa Nairobi hawezi kuahidi kitu. Kwa hiyo siku moja iliyopotea kwa ajili ya haya si siku moja tu. Na si ndigana peke yake. Ng'ombe aliyeanguka baada ya kuzaa kwa upungufu wa chokaa mwilini hutiwa dawa mshipani polepole, nayo ikizidi au ikienda mbio husimamisha moyo. Daktari wa pili asiyejua kwamba wa kwanza alikwisha kumtia chupa moja ataweza kumuua kwa mkono wake mwenyewe, na kosa lisiwe lake. Kadhalika maziwa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zimekwisha. Nani atazihesabu siku hizo ikiwa dawa mbili zimetolewa na watu wawili wasiojuana?

Basi jambo la kwanza ni kwamba mfugaji ana haki ya kumchagua daktari. Ng'ombe ni mali yake, na hakuna sheria imfungayo kwa daktari mmoja. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao humtaka yule atibuye awe ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Haimtaki mfugaji aombe ruhusa ya kubadili. Madaktari wenyewe wanalijua jambo hili. Kwa desturi ya taaluma yao, daktari mpya huuliza nani alikuwa akimtibu mnyama, naye hutafuta habari za matibabu kwa yule wa kwanza. Uingereza, wenye farasi wakihamia kwa daktari mwingine, daktari mpya huomba maandishi ya mgonjwa kutoka kwa yule wa zamani, na mambo huenda kwa barua chache bila ya mtu kununa. Kisii hakuna farasi wa kutajika, lakini ng'ombe wa banda moja hastahili chini ya hayo.

Hata hivyo kabla ya kumwacha daktari yafaa mtu ajiulize kama kosa ni lake daktari. Hasa katika neno hili la ng'ombe asiyeshika mimba, madaktari wengi huhukumiwa bila haki. Ng'ombe huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima. Desturi iliyojaribiwa ni kwamba ng'ombe aliyeonekana asubuhi akisimama kupandwa na wenzake apigwe sindano jioni, na aliyeonekana jioni apigwe asubuhi ya pili. Sasa ng'ombe aliye peke yake bandani hana mwenziwe wa kumpanda. Humtambua yule tu amtazamaye kwa makini: analia, hatulii, maziwa yamepungua, ute mweupe kama wa yai unamning'inia nyuma. Mfugaji ambaye huondoka alfajiri kuchuma chai na kurudi adhuhuri ataona dalili zikiwa zimekwisha kupita, apige simu, daktari aje mbio, mbegu ipotee bure. Mbegu hiyo imehifadhiwa katika baridi ya digrii 196 chini ya sifuri tangu ilipotoka Kabete. Imevumilia safari yote hiyo, lakini haiwezi kuvumilia kuchelewa kwa mwenye ng'ombe. Tena ng'ombe aliyekonda, asiyepewa chumvi ya madini, hashiki mimba kwa daktari yeyote. Mfugaji wa namna hii akimbadili daktari atambadili tena mwakani, na wa tatu baada yake.

Kwa hiyo malalamiko yasemwe kwanza. Daktari aambiwe waziwazi, kwa heshima, kwamba ng'ombe amerudia mara tatu na kwamba nyumba imeingiwa na wasiwasi. Mara nyingi atapendekeza kumpima kizazi, ama atakiri kwamba kazi zimemzidi, ama mwenyewe atamtaja mwenzake aliye karibu zaidi. Likiisha hivyo, hakuna tena jambo la haya.

Lisipoisha, na mfugaji akiwa amekata shauri, wakati ulio bora wa kubadili ni ule ambao ng'ombe ni mzima. Asiondoke kwa daktari katikati ya matibabu, isipokuwa ana hakika kwamba mnyama anakufa na daktari wake hapatikani. Na hapo amwambie daktari wa pili kila kitu, aonyeshe na chupa zilizotupwa, kisha ampigie yule wa kwanza siku ile ile na kumweleza lililotokea. Daktari mwenye akili hatakasirika kwa sababu mtu aliokoa mali yake alipokuwa yeye mbali.

Deni lilipwe kwanza. Kisii madeni mengi hungoja bonasi ya chai, nao madaktari wanajua hivyo na huvumilia. Lakini mtu anayemwacha daktari huku deni lake likingoja bonasi amemfanyia mambo mawili kwa pamoja, na hata akitoa sababu nzuri kiasi gani, sokoni itasemwa kwamba amekimbia deni. Wala daktari mpya hatafurahi sana kumpata mteja wa namna hiyo, kwa kuwa ataona kwake mwenyewe yatakayokuja. Kama fedha zote hazipo, zitolewe nusu, na siku ya zilizobaki itajwe mbele ya mtu mwingine.

Kisha neno lisemwe. Hapa ndipo penye ugumu, hasa kwa kijana aliyerithi boma. Ikiwa daktari ni wa rika la baba yake, ama ni mkwe, chinsoni humzuia kijana kumkabili uso kwa uso na neno la kukataa, na si vyema aivunje desturi hiyo kwa ajili ya ng'ombe. Dawa yake iko ndani ya desturi yenyewe. Kama vile esigani hutumwa katika mambo ya ndoa ili maneno magumu yapite katika kinywa kisichodhuru, vivyo hivyo mzee wa rika la daktari aweza kupelekwa, akafikisha neno na fedha. Lakini mtu wa rika moja naye aende mwenyewe, kwa miguu yake, tena nyumbani kwa daktari. Asimwambie kwa simu, wala langoni mwa kanisa watu wakitoka.

Maneno yenyewe yawe machache. Aweza kusema hivi: "Daktari, umetutunzia ng'ombe hawa tangu mama yao alipokuwa ndama, nasi hatujasahau. Siku hizi uko mbali, na usiku tunaogopa kukusumbua. Tumeonelea tumwite yule kijana wa sokoni, kwa kuwa yuko karibu. Fedha zako hizi, tafadhali zihesabu. Twakuomba utuandikie dawa ulizompa mwaka huu na jina la dume uliyempandishia." Daktari atajibu pengine, "Haidhuru, Mzee, hata mimi nimechoka kupanda kilima hiki." Pengine atanyamaza kidogo. Akiuliza sababu, apewe moja tu, iliyo ya kweli, na isiyomwaibisha. Mtu akianza kuhesabu makosa ya miaka 15 hatamaliza hata chai ipoe. Na ikiwa sababu yenyewe ni ulevi, au ni dawa zilizokwisha muda wake, neno hilo ni la kupelekwa kwa Bodi, si la kusimuliwa vibarazani.

Kuna visingizio ambavyo watu huvipenda, navyo vyote vibaya. Wa kwanza ni kusema kwamba ng'ombe ameuzwa. Kesho maziwa yataonekana yakipelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, na ndani ya wiki moja kilima kizima kitajua. Wa pili ni kumtupia lawama mke: "Mama watoto amekataa." Mama huyo ndiye atakayekutana na mke wa daktari kisimani na katika kikundi cha akina mama, wala hakusema neno hilo. Wa tatu ni kunyamaza na kutopokea simu. Huu ndio unaopendwa kuliko yote, na ndio unaomfanya mtu apite njia ya kuzunguka kwenda sokoni kwa mwaka mzima.

Maandishi ni ya maana kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa daktari wa zamani hakuandika kitu, mkulima na akae naye nusu saa, akaandike mwenyewe katika daftari la mtoto wa shule: siku ambayo ng'ombe alizaliwa, chanjo alizopata, ya ugonjwa wa miguu na midomo, ya kimeta, ya chambavu, kama alikingwa ndigana kwa ile chanjo iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970, ambayo hutolewa mara moja pamoja na dawa, magonjwa aliyougua, na madume yote aliyopandishwa, kwa majina na namba. Hili la mwisho hudharauliwa sana. Mtamba aliyezaliwa kwa dume fulani akipandishwa tena kwa dume yule yule, kwa kuwa daktari mpya hakuambiwa, ndama huweza kuwa dhaifu, na damu nzuri iliyonunuliwa kwa fedha huharibika katika kizazi kimoja.

Kuhusu daktari mpya, hakuna aibu kumwomba aonyeshe cheti chake cha kuandikishwa. Aliye nacho hatachukizwa. Wapo watu wazungukao vijijini na sindano mfukoni, bei zao ni nafuu, nao huitika upesi kwa kuwa hawana mahali pengine pa kuitwa. Wengine walikuwa wakishika ng'ombe kwenye majosho, wengine ni wauza dawa tu. Msaidizi aliyesoma cheti au stashahada na kuandikishwa ni mtu wa kutegemewa katika mengi, maadamu yuko chini ya uangalizi wa daktari. Yule wa mfukoni hana wa kumwuliza habari. Kumwacha daktari mzee aliyesoma ili kumshika mtu wa namna hii kwa sababu ya shilingi mia kadhaa ni kubadili shoka kwa kisu.

Siku ya kwanza daktari mpya aitwe ng'ombe akiwa hana ugonjwa, amtazame, amwone namna alivyo akiwa mzima, asome daftari, na kumpigia mwenzake simu mbele ya mwenye mali. Malipo ya siku hiyo ni madogo. Namba za simu za madaktari wote wawili ziandikwe kwa chokaa kwenye mlango wa banda, maana ndama hukwama usiku wa manane wakati yule kijana amekwenda harusini Nyamache. Na yakionekana magonjwa ambayo sheria hutaka yatangazwe, kama miguu na midomo au kimeta, afisa wa mifugo wa kaunti aarifiwe siku ile ile, daktari awe mzee au kijana, wa Kisii au wa Nyamira.